Nchi Niliyomiminiwa

Vikombe ndivyo vilivyoniamsha. Kitanda chetu kimeegemea kabati la vyombo, na mwanangu Sekela akianza kubanwa kifua mwili wake hutikisika kidogo, kitanda hulisukuma kabati, na vikombe huanza kugusana ndani yake: ti, ti, ti. Ni sauti ndogo. Mtu mwingine angegeuka upande wa pili, akidhani ni mvua imepata tundu jipya kwenye bati. Mimi nilikuwa nimeshakaa kitako gizani, pampu ya pumu mkononi, kabla sijajua kama nimeamka.

"Kaa wima, mama. Vuta. Shikilia. Haya, toa."

Alivuta. Nilimwegemeza kifuani nikamsugua katikati ya mabega kwa kidole gumba, mizunguko midogo, mpaka filimbi iliyokuwa ndani yake ikaanza kulegea. Hapo ndipo kengele aliyobandikwa kifuani na zahanati ilipoanza kulia. Ndivyo ilivyo siku zote. Kengele huijua pumu ikishaketi sebuleni. Mimi huijua ikiwa bado inabisha hodi.

Chumba cha pili Shangazi Lugano alikuwa anakoroma. Hakusikia vikombe, wala kengele. Simlaumu, mtu aliyefanya kazi kiwandani kati ya mashine ujana wake wote, masikio yake yameshalipa kodi. Lakini nilikaa na mtoto mapajani nikisikiliza ule mkoromo, nikawaza: mwezi ujao nikishaondoka, wa kuamka ni huyu.

Kulipopambazuka alitoka amejifunga kanga kichwani, akamkuta Sekela mlangoni akiangalia ukungu unavyopanda kutoka kwenye migomba.

"Mke mwenzangu, umelalaje?"

"Sikulala. Nilibanwa."

"Ulibanwa! Na mume wetu alikuwa wapi asije kuniamsha?"

"Mume wetu alishakufa, Bibi."

"Alaa! Ndiyo maana sukari haiji."

Sekela akacheka, ule utani wao wa kila asubuhi. Lakini Shangazi alipoingia jikoni uso ulikuwa umebadilika. "Kengele ililia, Atuganile?"

"Ililia, Shangazi."

"Na mimi sikusikia."

"Hukusikia."

Akakoroga uji kwa muda. "Nitalala chumba chenu. Nitalala nimekaa, kama mlinzi."

"Usiku wote? Miaka mitatu?"

Alinipa uji wangu, akanitazama nikinywa, akasema ninywe haraka kwa sababu kituo cha uhamisho wa mazoea hufunguliwa mapema, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu.

Niseme jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa bila hiyo siku nisingekuwa popote. Chai ya Rungwe ilikuwa inakufa kwa ugonjwa tulioupa jina la mvi: jani linageuka jeupe kuanzia ukingoni, na mlima mzima unazeeka kwa msimu mmoja. Nilikuwa karani wa banda la mizani, napokea majani ya wakulima, na kila siku makapu yalikuja mepesi zaidi. Nikaanza darasa la jioni na Sekela mgongoni. Mwalimu wetu, Mungu amweke, alikuwa akisimamisha somo la kemia nikimnyonyesha mtoto, anafuta polepole ubao ambao hauhitaji kufutwa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mwalimu huyo nilifaulu. Na kwa kufaulu nikapata nafasi katika chuo kimoja cha mimea huko Rize, Uturuki, walikoanza kuitibu mvi.

Chuo kilikuwa na sharti moja. Wanafunzi wengi wa mbali walikuwa wakifika, wanaugua upweke, wanarudi kwao kabla ya kuvuna chochote. Basi siku hizi hawapokei mgeni. Wanapokea mtu aliyekwisha kuizoea nchi, na mazoea hayo hupimwa uwanja wa ndege, mlangoni, kama vile zamani walivyokuwa wakipima homa.

Mazoea ya kununua yapo Mbeya, kwa wenye nazo. Mimi nilikuwa na Shangazi Lugano. Aliishi Rize tangu akiwa msichana, kiwandani, akaolewa huko na fundi wa mashine aitwaye Idrisi, akamzika huko, akarudi nyumbani na sanduku moja kuja kunilea mimi baada ya kaka yake, baba yangu, kufariki. Nimekua nikisikia habari za Rize kuliko za Dar es Salaam. Milima ya chai kama yetu, mvua kama yetu, mkate wa mahindi, samaki wadogo kama dagaa wanaokaangwa wamepangwa duara. Nilipopata nafasi hakusubiri niombe.

"Nilikuwa najiuliza nchi yote hii nimwachie nani," alisema.

*

Kituo kiko karibu na stendi ya Tukuyu, jengo lililokuwa ghala la mbolea. Aliyetupokea anaitwa Gaudensia, mama wa Songea mwenye sauti ya mtu anayeongea na mbuzi mkaidi. Alitukalisha kwenye viti viwili vinavyopeana mgongo, akatuvalisha kofia za nyaya nyembamba kama neti ya nywele. Sekela alikaa sakafuni na andazi lake.

"Mnajua, lakini lazima niseme," alianza Gaudensia. "Mama mkubwa, hadithi zako zitabaki. Ukiulizwa uliishi wapi, utajibu. Kinachotoka ni mazoea: mkono unaojua swichi iko wapi gizani, mguu unaojua kwamba ngazi ya mwisho ni fupi. Na hayanakiliwi. Si kama kuwasha mshumaa kwa mshumaa mwingine. Ni kama kumimina maziwa. Yakifika kwake, kwako hayapo."

"Maziwa nimeshamimina mengi," Shangazi akasema.

"Sawa. Na pengo halilali wazi. Mtoaji naye lazima apewe kitu leo hii, kabla hatujafunga, maana pengo likilala wazi mtu mzima huamka hajui mlango wa chumba chake. Dada, wewe umeleta nini?"

"Banda la mizani," nikasema.

Ndivyo watu wanavyofanya. Wanaleta njia ya kwenda kazini, au mchezo walioucheza utotoni, kitu ambacho hakitawauma. Banda nililijua mpaka harufu ya kila nguzo. Nilidhani ni zawadi ya kutosha.

"Litaziba," alisema Gaudensia. "Si tamu, lakini litaziba. Sasa, mama mkubwa, nisikilize vizuri. Anza na vya nje. Barabara, soko, mabasi, mvua. Vya ndani ya nyumba viache kabisa, chuo hakivihitaji. Nikisema basi, unaacha. Tumeelewana?"

Shangazi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeambiwa asimjazie mgeni sahani.

Mashine ilianza kuvuma. Nilitegemea barabara. Nilitegemea soko.

Kilichonijia kwanza kilikuwa jiko.

Miguu yangu ilivua viatu yenyewe, hapo hapo kitini. Nilijua birika mbili zilizopandana, ndogo juu ya kubwa, na kwamba ya juu mpini wake umelegea hivyo unaushika na kidole cha pili. Nilijua bilauri nyembamba zenye kiuno. Nilijua chai inakuwa tayari ikifika rangi ya damu ya sungura, na nikajua pia ni nani aliyependa kuiita hivyo, na kwamba alikuwa akisema hivyo kila asubuhi akisubiri acheke mtu, na mtu huyo alikuwa akicheka. Nilijua goti lake la kushoto linavyomuuma mvua ikikaribia, na kwamba hasemi. Anahamisha tu uzito. Nilijua upande wa kitanda anaouacha mtupu akiamka mapema, na ujoto unavyodumu pale. Kisha, baada ya hayo yote, ndipo zilipokuja ngazi za kupandia mtaani, na soko, na nyaya za kuvutia mizigo ya chai kupandisha mlimani, na mvua, mvua, mvua ya kwetu kabisa ikinyesha kwenye lugha nyingine.

"Basi!" Gaudensia alikuwa anapiga kelele. "Mama mkubwa, basi! Nimesema basi!"

Sekela alikuwa ameacha kutafuna.

"Imekwenda?" Shangazi akauliza, anageuza shingo.

"Imekwenda yote! Nilikwambia uanze na vya nje!"

Shangazi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, mgeni unamwanzia na mchuzi? Mgeni anapewa paja kwanza. Mengine yanafuata, akishiba yanabaki. Wewe kwenu Songea mnawapa wageni shingo ya kuku?"

Gaudensia alifunika mdomo kwa mkono. Nadhani alitaka kucheka, na nadhani pia alitaka kulia.

*

Tulikaa barazani tupumzike. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Nilimtazama Shangazi akiweka mikono yake mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama abiria.

"Shangazi, nieleze habari za mjomba Idrisi."

"Idrisi? Alikuwa fundi wa mashine. Mtu mwema. Alipenda chai." Akatafuta cha kuongeza. "Tulikaa naye vizuri."

"Goti lake la kushoto."

"Ndiyo, lilikuwa linamuuma," alisema, kama mtu anavyosema Dodoma kuna joto.

Nilikuwa namkumbuka mwanaume ambaye sijawahi kumwona hata siku moja. Nilimkumbuka mpaka mkono wangu wa kulia ulikuwa umejikunja kushika mpini uliolegea. Na aliyemzika, aliyerudi na sanduku moja kuja kunivalisha sare za shule, alikuwa amekaa pembeni yangu anaangalia mvua, hana kitu.

Gaudensia alitoka akachuchumaa mbele yetu. Ile sauti ya kusemesha mbuzi ilikuwa imekwisha. "Kosa ni langu, nilipaswa kusimamisha mapema. Yanaweza kurudishwa. Kabla ya kufunga namgeuzia kofia, yanarudi yote. Lakini yakirudi yanarudi yote, na ya soko pia. Siwezi kuchambua, yameshachanganyika kama uji na maziwa."

"Yarudishe," nikasema.

"Na chuo?"

"Yarudishe tu, dada."

"Hayarudi," Shangazi akasema.

"Shangazi, umenipa mume wako!"

"Nimempa mwanangu. Ulitaka nimpe nani, panya?" Alinigeukia. "Sikiliza, Atuganile. Nyama iliyong'atwa hairudi chunguni. Idrisi nilimjua miaka yangu yote mizuri, na nimemkalia matanga miaka mingine. Hadithi yake ninayo. Sasa wewe nenda ukainywe ile chai mahali pake, uitibu, ulete dawa. Hilo ndilo litakalonifurahisha. Nipe banda langu twende nyumbani, mke mwenzangu anataka kulala."

Banda. Nilijaribu kujiona nikimkabidhi. Mwanamke ametoa nyumba nzima, ametoa joto la kitanda, halafu mimi namwekea mkononi harufu ya nguzo na kelele za wakulima wanaogombea zamu. Kwetu, jirani akikuletea ndizi, kapu lake halirudi tupu. Na ukitia ndani majani makavu ili tu lionekane limejaa, hiyo ni aibu kuliko kulirudisha tupu.

Na nikaona, nikiwa nimekaa pale, kilichokuwa kinastahili. Nilikiona na nikaogopa.

"Dada Gaudensia," nikasema, "mazoea ya mtu je, yanahamishika? Si ya mahali. Ya mtu."

"Umeshayapata ya mtu sasa hivi."

"Nataka kumpa Shangazi mazoea yangu kwa Sekela."

Ndani, mashine ilikuwa inapoa, inatoa milio kama bati jua likizama.

"Yale ya kumsikia kifua," nikaendelea, haraka, kabla sijaghairi. "Kabla ya kengele. Kujua kilio cha njaa na kilio cha deko. Mahali pa kumsugua."

"Hayaji vipande," Gaudensia akasema. "Ya mtoto ni donge moja. Ukitoa, unatoa yote."

"Naelewa."

"Huelewi. Subiri nikueleze, halafu utaelewa." Aliketi kabisa chini kwenye saruji. "Hutamsahau. Jina lake, siku uliyomzaa, yote unayo. Utampenda vilevile, upendo haupiti kwenye mashine hii, ungekuwa unapita tungekuwa tumeshauweka sokoni. Lakini utakuwa kama mama aliyeletewa mtoto jana. Atalia na hutajua analilia nini. Utarudi likizo, atakukimbilia, na mikono yako haitajua imshike wapi. Na jambo jingine, dada yangu. Banda lilikuwa lako. Hili si lako peke yako, nusu ni yake. Yeye amezoea kuzoewa na wewe. Unagawa kitu chake."

Maneno hayo yaliniingia. Mpaka leo sijapata jibu lake, na simwamini mtu anayesema analo. Nilijiuliza kama ninampa Shangazi zawadi, au ninanunua safari yangu kwa kitu cha mtoto. Nilijiuliza kama ningefanya hivi pumu isingekuwepo. Nadhani nisingefanya. Lakini pumu ilikuwepo. Ilikuwa inakuja na mvua, na mvua ya Tukuyu haina likizo, na masikio ya mzee yalikuwa vile yalivyokuwa alfajiri ile.

"Mimi sikubali," Shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama hanyang'anywi mtoto akiwa hai."

"Hunyang'anyi. Ni kapu lako linarudi."

"Nilikupa bila kutaka kapu!"

"Najua, Shangazi. Ndiyo maana nataka kulijaza."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akanitukana kidogo kwa Kinyakyusa, akasema mimi ni mbishi kama baba yangu na kwamba baba yangu ubishi wake ulimfikisha wapi.

Nikamwita Sekela. Alikuja na makombo kidevuni.

"Mama akienda shule ya mbali, usiku ukibanwa, unataka nani ajue?"

"Wewe."

"Mimi nitakuwa mbali. Mbali kuliko Mbeya."

Akafikiri. "Bibi hasikii."

"Mashine inaweza kumpa Bibi kujua kwangu. Awe anakujua kama mimi ninavyokujua. Lakini mimi nitakuwa sikujui vizuri. Nitakosea kosea. Unaelewa?"

Alinitazama, akamtazama Bibi yake kuanzia kilemba mpaka kandambili, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Basi mpe," alisema. "Lakini Bibi ana kucha ndefu."

"Nitakata!" Shangazi akasema, huku machozi yanamtoka na kicheko pia. "Nitazikata leo leo, mke mwenza wewe, una masharti kama chuo!"

Mtoto wa miaka minne anakubali chochote ili arudi kwenye andazi lake. Hilo nalijua. Gaudensia naye alilijua. Alinitazama juu ya kichwa cha Sekela, akangoja niseme neno la kurudi nyuma. Sikulisema. Akasimama, akajikung'uta sketi.

"Haya," alisema. "Twendeni ndani. Na wewe dada, hakuna cha kuanza na paja wala shingo. Wewe fungua mkono tu."

*

Haikuuma. Ilikuwa kama mtu anavyokuvua pete kwa sabuni, taratibu, na kidole kinabaki chepesi.

Nilipofungua macho, mbele yangu alisimama mtoto wa kike mwenye mwanya kwenye meno na nywele zilizosukwa mistari isiyonyooka. Nilijua ni Sekela. Nilijua ni wangu. Nilimpenda papo hapo, sana, kwa woga, kama nilivyompenda wakunga waliponionyesha kwa mara ya kwanza. Lakini alipokunja uso kidogo sikujua kama anataka kupiga chafya, au kulia, au kucheka.

Alipiga chafya.

Shangazi alikuwa amemtazama mtoto, mdomo wazi, kama mtu aliyeingia chumba alichokipita mlangoni maisha yake yote na leo tu amewasha taa.

"Kumbe," alisema mwishoni. "Kumbe huwa anashika sikio lake akitaka kudanganya."

"Sishiki!" Sekela akasema, na mkono ukashuka haraka kutoka sikioni.

Gaudensia alitusindikiza mpaka barazani. Nilimshukuru nikakosa maneno ya kutosha, akaniambia nisimshukuru yeye, nikautibu tu mti wa chai, kwao Songea nako mvi imeanza. Halafu akanikumbatia ghafla, kwa nguvu, akarudi ndani bila kuaga.

Tulipanda njia ya kwenda nyumbani kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umelala juu ya mashamba, na kila kona niliyoitazama ilikuwa mbili: ni Tukuyu, na ni Rize. Mgongo wangu ulijua mkanda wa kapu la kuvunia chai la kule, unavyokaa chini ya bega ili usichubue. Ulimi wangu ulijua salamu za muuza mkate. Nilikuwa naiogopa safari hii kwa miaka, na sasa ilikuwa kama kurudi. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamshukuru mwalimu wa jioni, nikamshukuru na Idrisi pia, maana nilikuwa nakwenda kukaa kwake.

Sekela alikuwa anakimbia mbele, akikanyaga kila dimbwi.

"Simama, Sekela," Shangazi akasema.

Hakusema kwa nguvu. Mtoto akasimama.

"Njoo kwa Bibi."

Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nilimwona tu mtoto anayecheka, mwenye matope miguuni. Shangazi alichuchumaa kwa shida, magoti yakilia, akamgeuza, akaweka kidole gumba katikati ya mabega yake, akaanza kusugua mizunguko midogo. Mkono wa pili ulikuwa umeshaitoa pampu mfukoni mwangu, hata sikuhisi. "Vuta. Shikilia. Toa, mama." Sekela alivuta mara mbili, ametulia, anaangalia kipepeo kwenye ua la mgomba.

Ndipo kengele ilipolia kifuani mwake, imechelewa kama kawaida yake.

Nilisimama katikati ya njia nikalia. Nilikuwa na huzuni, lakini si yenyewe iliyonitoa machozi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mwanangu atapumua. "Ndaga, Shangazi," nikamwambia, ile ahsante ya kwetu. "Ndaga fijo."

"Unanishukuru kwa chako?" Alikuwa bado ameshika mgongo wa mtoto, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwahi kuuona hata alipokuwa akinisimulia Uturuki. "Nyamaza. Utamtisha. Akiona mtu mzima analia naye huanza, na akianza hanyamazi mpaka apewe kitu cha kushika." Alisema hivyo kama mtu anayesoma kwa sauti. Kisha akanitazama kwa huruma, akaona aibu ya kuyajua.

"Endelea kuniambia," nikasema.

"La. Mengine hayafai kusemwa na mimi."

Mlima ulianza. Sekela alipunguza mwendo, kisha akasimama kabisa, miguu imechoka. Nilimwendea. Niliinama, nikanyoosha mikono yote miwili mbele yake nimnyanyue, na mikono ikabaki hewani. Sikujua iende chini ya kwapa au nyuma ya magoti. Sikujua nimweke kiunoni, na kama ni kiunoni, upande upi. Nilimshika mbavu, akajipinda, nikamwacha. Shangazi alifungua mdomo, halafu akaufunga, akageuka kutazama migomba ya watu kwa makini sana, kama ana mpango wa kuinunua.

Sekela aliniangalia. Hakukasirika. Alinishika vidole viwili, akazunguka nyuma yangu, akaivuta kanga yangu mara moja chini ili niiname zaidi.

"Mama, mimi nabebwaga mgongoni."